Mkaja Wangu, Mbeleko Yake

Mjumbe wa upande wa kijana alipotaja mkaja na ubeleko, wanawake waliojaa sebuleni mwangu walinitazama mimi, nami nikautazama mlango. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, hapa hapa Mikindani, siku ya kupokea mahari ya binti yangu Neema. Wageni walikuwa wamekuja kutoka Miritini na masanduku yao na shangwe zao. Kwa asiyezijua mila zetu za Pwani, hizi ni zawadi mbili za mama wa bibi harusi. Mkaja ni ile nguo aliyojifunga tumboni baada ya kuzaa ili tumbo lirudi. Ubeleko ni ile mbeleko aliyombebea mtoto mgongoni. Kijana anayeoa humrudishia mama nguo zake, kama kusema: tumbo lako nimeliona, na mgongo wako nimeuona. Siku hizi huwa ni leso mpya tu zilizokunjwa vizuri, na mama huzipokea zote kwa mpigo mmoja watu wakapiga vigelegele, kisha wali ukapakuliwa. Mimi nilimwambia mjumbe asubiri kidogo, nina mgeni wangu anatoka Tanga. "Mgeni gani huyo wa kusimamisha mahari?" wifi yangu akauliza, na sauti yake ilikuwa na haraka ya mtu aliyekwisha kunusa pilau. "Yuko feri," nikamwambia. "Basi lao limekwama Likoni kwenye foleni." Nilipolitamka hilo neno feri mwili ulinisisimka wote, nikaketi.

Mwaka aliozaliwa Neema, mimi na mgeni wangu huyo, Zuhura, tulikuwa wasaidizi katika chumba cha kuonjea chai, kwenye ghala moja kule Changamwe. Nimekwisha kuingia katika nyumba nyingi za kifahari tangu wakati ule, lakini sijaona chumba kilichonitia heshima kama kile. Kilikuwa kirefu, madirisha yake upande mmoja tu, na chini ya madirisha kulikuwa na meza nyembamba iliyokwenda mpaka mwisho wa ukuta. Juu yake tulipanga vibirika vya kauri vyenye vifuniko na mbele ya kila kibirika bakuli jeupe. Tukichemsha maji, tukipima majani, tukisubiri, tukimimina, kisha mwonjaji mkuu akapita na kijiko chake, akivuta kila funda kwa kishindo na kulitema kwenye chombo kirefu alichokuwa akikisukuma kwa mguu. Mgeni aliyeingia mara ya kwanza angecheka. Sisi hatukucheka, tulifuata nyuma yake na vijiko vyetu, tukijifunza. Na Zuhura hakuwa akijifunza kama mimi. Yeye alikumbuka. Alivuta funda, akafumba macho, kisha akasema, "Hili gunia limelala na vitunguu," na dereva alipoulizwa akakiri kwamba njiani alipakia vitunguu vya shemeji yake. Nilisimama pale na kijiko mkononi nikimtazama rafiki yangu kwa mshangao, na ndani ya mshangao ule, nisidanganye, kulikuwa na kijiba cha wivu.

Kazi ile ilikuwa na miiko yake. Pilipili hugusi, kitunguu kibichi hugusi, marashi marufuku. Zuhura alikuwa mtoto wa Likoni, wa nyumba ambayo udi hufukizwa kila Ijumaa mpaka macho yakatoka machozi, lakini aliuacha udi kwa ajili ya ulimi wake, na mama yake akimcheka kwamba amekuwa mwanamke wa kizungu. Mchana tulikaa kwenye ngazi za nyuma tukila chakula chetu kisicho na ladha, viazi vya nazi au muhogo, matumbo yetu yakigusana, kwa kuwa mwaka ule Mungu alitupa mimba karibu pamoja. Huko ndiko tulikopata habari kwamba mwonjaji mkuu anataka msaidizi wa kweli, mmoja, atakayekaa kwenye kiti na kuonja kwa jina lake, na kwamba tutapimwa sote wawili baada ya kujifungua na kurudi kazini. "Nikishinda mimi, shoga, utanichemshia maji," Zuhura akasema. "Nikishinda mimi utanioshea mabakuli," nikamjibu. Tulicheka mpaka watu wa kupakia magunia wakageuka kututazama.

Zuhura alitangulia kuzaa. Mtoto alikuwa wa kike, na hakumaliza wiki. Nilikwenda Likoni na tumbo langu kubwa, nikiona haya kuliingiza mlangoni. Nilimkuta amekaa kitandani, kifua kimefungwa leso kwa kukazwa ili maziwa yakauke, na kando ya ukuta kulikuwa na kitanda kidogo chenye chandarua cha rangi ya waridi ambacho hakuna aliyethubutu kukiondoa. Mume wake alikuwa baharia, bado yuko melini, hata habari zenyewe hajazipata. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono, akauweka juu ya tumbo langu, akasema, "Huyu ataishi." Mpaka leo sijui kama ilikuwa dua au amri.

Neema alizaliwa wakati Zuhura amekwisha kurudi kazini. Mume wangu Karisa alikuwa dereva wa malori ya masafa, akiondoka leo harudi kesho, na ndugu zangu walikuwa mbali. Basi Zuhura akasema, "Arobaini yako nitaiangalia mimi." Kwetu mzazi hatoki nje mpaka arobaini iishe, hukandwa, hufungwa mkaja, hupewa vyakula vya moto. Kila alasiri alipotoka ghalani alipanda mpaka Mikindani, akavua buibui, akaingia jikoni kwangu kama jikoni kwake. Alinifunga mkaja akiukaza kwa goti mpaka nikaguna. Alimwosha mtoto. Kisha alipika mchuzi wa pilipili manga, ule wa kuku wa kienyeji wenye kusafisha tumbo la uzazi na kuleta maziwa, na aliutia pilipili hadi mvuke wake ulinikohoza nikiwa chumbani. Nilimwona kwa upenyo wa pazia: amejifunga kitambaa puani, uso ameugeuza pembeni, anakoroga kwa mkono ulionyooshwa mbali. Hakuuonja hata mara moja. Niliona ni jambo la kawaida, mtu wa kazi yetu anaulinda ulimi wake. Halafu siku moja nikalala macho wazi nikajiuliza, na wangu anaulinda nani?

Wazo hilo lisingekua bila maneno ya watu. Dorcas, aliyefanya kazi ya kufungasha ghalani, mama mmoja wa bara mwenye moyo mwema na mdomo usio na mlango, alikuja kuniona akakaa jikoni na Mama Kache, jirani aliyekuwa akinikanda. Walidhani nimelala. "Si unajua watu wa kuonja hawakulangi pilipili?" Dorcas akasema. "Sasa huyu analishwa sufuria mzima kila siku, na wanangojewa wapimwe. Na mwenye kupika ndiye nani? Aki mimi ningechunga." Mama Kache akasema, "Pilipili ya mzazi si kitu, hata mimi nilipewa. Mimi naogopa jingine. Aliyefiwa na mtoto hapewi mtoto wa mwenziwe kubeba namna ile. Umemwona anavyomtazama?" Dorcas akasema, "Nimemwona." Siku ya pili nikajichemshia chai kwa vipimo vya ghalani, nikavuta funda kama ninavyojua, na haikuwa chai. Yalikuwa maji ya moto yenye rangi. Nilivuta tena na tena mpaka nikatokwa na machozi, na ulimi wangu haukuniambia chochote.

Na maziwa yangu, licha ya mchuzi wote ule, yalikuja kidogo tu. Neema alinyonya, akaachia, akalia mpaka uso ukawa mwekundu. Zuhura akasema, "Nipe nikambembeleze," akaingia naye chumba cha ndani, akasukuma komeo. Baada ya muda kilio kilikatika. Si kwa kufifia, kilikatika mara moja. Nilikuwa nikikaa upande wa pili wa ule mlango nikiusikiliza ukimya, na ukimya ule ndio ulionitisha kuliko kilio. Sikuwa nikilala tena. Nilikuwa nikiyapima masikio ya mtoto kwa vidole kila asubuhi kuona kama ni yale yale ya jana, nikiamini kwamba siku moja nitarudishiwa mwingine. Leo mtu angeniambia huo ni ugonjwa wa wazazi wapya na kuna dawa yake. Wakati ule niliambiwa tu nina bahati, kwa sababu mtoto alinenepa. Mashavu yalijaa, mikono ikaweka mikunjo, na wanawake waliokuja kunitazama wakanisifu kwa maziwa ambayo mimi mwenyewe nilijua sinayo.

Pua ndiyo iliyoniambia. Ulimi ulikuwa umelala lakini pua bado ilikuwa kazini. Alasiri moja Zuhura aliponirudishia mtoto, nilimwinamia mdomoni nikavuta pumzi polepole, kama ninavyoliinamia bakuli. Maziwa yangu nilikuwa nayajua, mtoto alinuka pilipili yangu siku zote. Haya yalikuwa mengine. Matamu, mepesi, hayana moto wowote ndani yake. Yalikuwa maziwa ya mwanamke asiyekula pilipili. Niliinua macho nikamwona Zuhura anafunga vifungo vya gauni lake, naye akaniona ninamwona. Alichukua buibui lake akatoka, na mimi nikabaki na mtoto mikononi, nywele zimenisimama. Mwili wa mwanamke uliambiwa mtoto wako amekufa, ukafungwa leso, ukaamriwa ukauke, na mwili ule ukasikia kilio cha mtoto wa mtu mwingine ukakataa kutii. Nimeona bahari imefura na nimeona moto ukila ghala zima. Sijaona kitu chenye nguvu kama hicho.

Siku iliyofuata alikuja kama kawaida, akapika, nikala. Usingizi ambao ulikuwa umenikimbia kwa muda wote ule ukanijia kwa ghafla. Nilipoamka nyumba ilikuwa kimya, na mbeleko haikuwa kwenye msumari wake. Niliita. Nilifungua chumba cha ndani. Nilitoka nje nikiwa na mkaja tumboni na kichwa wazi, mzazi ambaye hajatimiza arobaini, mpaka kando ya barabara kuu, na watu wakanipisha kama mtu anayeelea hewani. Mama Kache alikuwa amemwona: "Ameteremka stendi na mtoto mgongoni. Nikadhani umemtuma." Dorcas naye alifika wakati ule ule kutoka kazini, akasikia, akarusha mkoba chini. "Nilisema! Si nilisema? Twende polisi saa hii!" Na mimi, ambaye nilikuwa nikipima masikio ya mtoto kwa vidole, nikashukiwa na utulivu ambao sijui ulitoka wapi. Nilirudi nyumbani nikakaa kizingitini. "Tungoje magharibi," nikasema. "Kadzo, umekuwa mwehu?" Dorcas akauliza. Huenda nilikuwa. Lakini niliwaza jambo moja tu, kwamba popote alipo yule mtoto, hana njaa.

Jua lilikuwa limeinama lakini adhana bado, Zuhura alipotokea kwenye kona ya duka. Alitembea taratibu, miguu ina vumbi, na Neema amelala shavu limebanwa mgongoni pake. Alisimama mbele yangu. Hakuingia.

"Umetoka wapi?"

"Feri."

Dorcas alifungua mdomo nikamnyooshea mkono anyamaze.

"Nilitaka kuvuka," Zuhura akasema. "Sitakuficha, Kadzo. Kitanda chake kiko vile vile kwetu. Niliona nikivuka tu, basi, yatakwisha. Feri ikaja, watu wakaingia, ikaondoka. Ikaja nyingine, nikasimama. Miguu ilikataa. Akaamka akalia, nikakaa ukutani nikamnyonyesha. Mama mmoja muuza njugu akaniuliza, mashallah, anaitwa nani? Na mimi nilikuwa na jina langu tayari mdomoni, lile nililompa wangu. Wallahi nilikuwa nalo. Nikafungua mdomo likatoka lako. Neema. Basi nikajua huyu si wangu, nikarudi."

Aliifungua mbeleko, akanipa mtoto, na mikono yake ilipobaki mitupu haikujua pa kwenda.

"Naenda kuita polisi," Dorcas akasema.

"Dorcas, dada, tutilie maji ya chai jikoni," nikamwambia, naye akanitazama kana kwamba nimesema kwa lugha ya ndege, lakini alikwenda. Nikamgeukia Zuhura. "Na pilipili?"

Aliinamisha kichwa. "Pilipili ni ya uzazi, hata mimi mamangu alinipikia. Nilikupikia kwa nia njema." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini mkono wangu nikiutazama unavyochota, sikuuzuia."

Nimemsikia padri akihubiri ukweli miaka yangu yote, lakini sijawahi kuusikia ukisemwa hivyo, mtupu, na mtu ambaye angeweza kunyamaza. Ningeweza kumfukuza. Kila mtu angenisifu. Badala yake nilisikia mdomo wangu unasema, "Kesho uje. Lakini ule mlango hutaufunga." Akalia pale pale nje, mara ya kwanza tangu amzike wake, na mimi nikalia, na Dorcas akatoka na birika naye akalia, ingawa nadhani yeye alilia kwa hasira.

Alikuja. Tulikaa kitanda kimoja, mlango wazi, tukimpokezana mtoto. Mchuzi ukapungua ukali. Maziwa yangu yakaongezeka kidogo kidogo, kana kwamba yalikuwa yakingojea ruhusa. Zuhura akanieleza kwamba katika dini yake mtoto aliyenyonya kwake ni wake, na watoto wote atakaozaa mbele ni ndugu za Neema kama wa tumbo moja, hawaoani. Aliniambia hivyo kwa uoga, akidhani nitaona ananidai. Mimi nilibaki kushangaa kwamba kuna dini iliyoketi chini ikalifikiria jambo kama hili kabla yetu.

Kisha tukapimwa, na Zuhura akanishinda. Alinishinda kwa haki, bakuli kwa bakuli, na ulimi wangu ulikuwa umekwisha kurudi kwa hiyo sina la kusingizia. Na hapa msomaji atanishangaa: kumchukua mwanangu nilimsamehe siku ile ile, kizingitini. Kile kiti kilinichukua muda zaidi. Nilimchemshia maji na kumwoshea mabakuli kama tulivyotaniana, nikinuna, na jioni huyo huyo akaja kwangu kumnyonyesha mwanangu, nami nikamkaribisha kwa furaha. Asubuhi mpinzani, jioni mama mwenzangu, na sikuweza kumchukia mmoja bila mwingine kuniponyoka. Baadaye mumewe alipata kazi Tanga akamfuata, kiti nikakipata mimi. Nilikikalia na kukuta ni kiti tu, tena cha mbao, na kwamba mtu niliyetaka anione nimekikalia hayupo. Tuliandikiana, kisha tukapunguza, kisha watoto na ugonjwa na maisha vikatuweka mbali mpaka kijana wa Miritini alipomtaka Neema.

Wali wa Jumamosi ile ya mahari ulikuwa umeanza kupoa mlango ulipofunguka, Zuhura akaingia. Amenenepa, anachechemea, miwani mikubwa usoni, na jasho linamtiririka. "Feri!" akasema kabla hata ya salamu. "Wallahi ile feri ina jambo na mimi." Nilicheka hadi wifi yangu akaniuliza kuna nini. Neema, ambaye alijua kwamba alinyonya kwa Zuhura lakini hakujua mengine yoyote, alimpigia magoti akamwamkia, "Shikamoo, mama," na Zuhura alimshika uso kwa mikono miwili akamtazama masikio, moja, kisha la pili. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za masikio. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa na namna yake ya kuhakikisha.

Mjumbe akaleta leso. Mkaja niliupokea nikauweka mapajani. Ubeleko nilipoupokea nikanyanyuka, nikavuka sebule yote nikiwa nimeushika kwa mikono miwili, nikauweka mapajani pa Zuhura. Vigelegele vilivyokuwa vimeanza vikakatika. Alizitazama zile leso, kisha akaniinulia macho.

"Mbeleko, Kadzo?" akanong'ona. "Mimi wa kupewa mbeleko?"

"Ulimbeba."

"Unajua nilimbeba kwenda wapi."

"Najua ulimbeba kurudi wapi," nikamwambia. "Pilipili ndiyo bado sijakusamehe."

Alicheka huku amefunika mdomo kwa leso mpya, mabega yakitikisika, na mimi sikuweza kujua kicheko kimeishia wapi na kilio kimeanzia wapi. Mjumbe, mzee wa watu, alikuwa na kazi ya kumaliza. Alikohoa, akainua sauti ili isikike mpaka nje: "Mama wa binti yuko wapi, aseme ameridhika?"

"Abee," tukaitika, sote wawili.

Alitazama kwangu, akatazama kwake. Kisha akatungoja sote tujibu.